Moto Mdogo wa Mzee Oene

Simu ililia Jumatatu asubuhi, mikono yote miwili ya Wietske Terpstra ikiwa ndani ya mtambo anabadilisha chujio. Akaipokea kwa kiwiko. Aliyepiga ni Marloes, bibi lishe wa nyumba ya wazee kule Leeuwarden, na huko ndiko alikokuwa akiishi baba yake.

"Dada Wietske, umekaa?"

"Nimeinama. Sema tu."

"Tumempima mzee leo asubuhi. Mia tisa na sitini."

Wietske akaitoa mikono mtamboni polepole. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa namba tu, lakini yeye miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa hiyohiyo. Pale chuoni Groningen alipima moto wa watu. Unamlaza mtu, hajala tangu jana, hasogei, hasemi, halafu unapima mwili wake unachoma kalori ngapi kwa siku ili aendelee kuwa hai tu. Moyo udunde, ini lifanye shughuli zake, akili isizimike. Na mwanamume mrefu kama mlingoti, hata awe na miaka themanini na nne, akisoma mia tisa na sitini, basi huyo ni kibatari kinachonusa mwisho wa mafuta.

"Mara iliyopita ilikuwa ngapi?"

"Elfu moja na hamsini. Na kabla ya hapo elfu moja mia moja na kitu. Inashuka, dada. Kilo nazo zinashuka. Tisa tangu Oktoba."

"Chakula anamaliza?"

"Anamaliza sahani, anaipangusa na mkate. Tunampa kile mwili unachotaka, na cha juu kidogo. Ila mwili wenyewe ndio unaoacha kutaka." Marloes akavuta pumzi. "Daktari ameitisha kikao Alhamisi. Anasema, jamani usinielewe vibaya, anasema tusimsumbue tena mzee. Tusimpime, tusimhangaishe na mizani. Tumwache aende kwa amani."

Wietske akasema ahsante, akakata simu, akabaki ameshika chujio mkononi. Nje mvua ya Februari ilikuwa inanyesha kiubavu, kama kawaida yake. Alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa koti jeupe la kazini, akarudisha chujio mahali pake. Ndivyo walivyo watu wa kwao, hata kulia wanalia wakimalizia kazi.

Kipimo walichokitumia kule kwa wazee kilikuwa kidude cheupe cha kushika mkononi, chenye mdomo wa plastiki. Unakiweka kinywani, pua inabanwa, unapumua dakika kumi, kinakupa namba. Wazee walikibatiza jina la kiko, kwa sababu ukikitazama kwa mbali utadhani wanavuta tumbaku. Zamani ilikuwa lazima mtu aletwe Groningen kwenye mtambo mkubwa, lakini kiko kinaingia mfukoni mwa muuguzi. Baada ya mzee Oene kukatwa kipande cha tumbo mwezi wa Septemba, daktari alitaka ale kwa kipimo, mara sita kwa siku, asizidishiwe wala asipunguziwe. Kiko ndicho kilichopanga sahani yake.

Na Wietske hakuwa na sababu ya kukitilia shaka, maana aliyekikagua ni yeye mwenyewe. Miaka miwili nyuma aliletewa viko vitano pamoja na watu arobaini wa kuvijaribu, akawapima wote kwa kiko, akawapima tena kwa mtambo mkubwa. Wastani wa kiko na wastani wa mtambo ulitofautiana kwa kalori kumi na mbili tu. Bosi wake, Profesa Haverkamp, alinunua keki siku ile. Wietske akaandika cheti, akatia sahihi, na nakala ya cheti kile ilikuwa imening'inizwa kwenye fremu katika korido ya nyumba ya wazee, karibu na picha ya ng'ombe.

Jumanne akaenda Leeuwarden. Alifika saa nne, saa ya kahawa, ambayo kule hata kama paa linaungua watu wanakunywa kwanza. Kopo la biskuti likapitishwa mezani, kila mtu akachukua moja, moja tu, na kifuniko kikarudi juu yake. Lilipofika kwa mzee Oene, akainua kiganja.

"Ahsante. Mimi nimeshatimiza."

Huyu ndiye yule mzee ambaye zamani alikuwa na ujanja wa kuangusha kijiko ili watu wainame, naye aibe biskuti ya pili! Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa akimchapa mkono kwa gazeti. Sasa biskuti moja ya halali inapita mbele yake, naye anaikataa. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, shati linapwaya shingoni, na macho yake ya buluu yalikuwa yamelifuata lile kopo mpaka mwisho wa meza. Wietske aliyaona macho yale. Akadhani ni macho ya mtu anayeiaga dunia.

"Baba, kesho nataka nikupeleke kazini kwangu. Ulale kwenye mtambo mkubwa nusu saa."

"Wa nini? Si kiko kimeshasema?"

Hakuwa anakipinga kiko. Alitaka kuona moto wa baba yake kwa macho yake mwenyewe, mara moja tu, kabla haujazimika. Miaka ishirini na sita alikuwa ametazama mioto ya watu asiowajua, ule wa kwao hajawahi kuuona.

"Nataka kukuona tu, Baba."

"Unaniona hapa. Au umesahau miwani?"

"Nataka kuona moto wako."

Mzee akakizungusha kikombe mezani. "Huo mtambo umekaguliwa?"

"Tunaukagua kila mwezi."

"Sijakuuliza kila baada ya muda gani. Nimekuuliza lini."

"Wiki tatu zilizopita."

"Basi siji."

"Baba!"

"Siji, we mtoto, nimesema. Ukitaka nije, uukague mbele yangu. Nione kwa macho yangu, ndipo nilale."

Wazee waliokuwa mezani wakacheka. Wietske naye akajikuta anacheka, kwa sababu huyo ndiye Oene Terpstra hasa. Miaka arobaini na moja mzee huyu alikuwa mkaguzi wa mita za gesi. Mita haikuingia nyumba ya mtu mkoa mzima wa Friesland kabla haijapita mezani kwake au kwa wenzake. Akiridhika nayo, anaifunga kwa waya na kipande cha madini ya risasi, anakiminya kwa koleo lake, na alama yake inabaki pale. Kuanzia hapo mita ile ikisema kitu, kimesemwa. Watu walimjia juu, wakamtukana, wakamwambia mita inawaibia. Yeye huwaonyesha muhuri. "Ina muhuri," anasema, na mazungumzo yameisha.

Jumatano asubuhi teksi ya viti vya magurudumu ikamleta Groningen. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana jioni isipokuwa maji, kama sharti linavyotaka. Alikuwa amevaa suti na tai ya misibani na harusini, meno yake ya bandia yamepigwa mswaki hadi yanang'aa. Mtu haendi mjini ovyoovyo. Suti ilikuwa imebaki na saizi ya zamani, mzee ndiye aliyepungua ndani yake.

"Haya," akasema kabla hata hajavua koti. "Kagua."

Wietske akaleta taa ya spiriti, ndogo ya kutosha kukaa kiganjani. Akaiweka kwenye mizani, mzee akajongeza kiti asome namba mwenyewe. Akaiandika kwa penseli nyuma ya bahasha. Taa ikawashwa, ikawekwa juu ya meza chini ya kuba la plastiki, lilelile linalowafunika watu vichwa, na mrija ukaanza kuivuta hewa kutoka ndani kuipeleka mtamboni.

"Sioni moto," akasema mzee.

Wietske akashusha pazia la dirisha. Ndipo ukaonekana, wa buluu, mwembamba, umesimama pale bila moshi wala sauti. Kwenye skrini mistari miwili ikaanza kuachana, oksijeni ikishuka, hewa chafu ikipanda.

"Mtambo hauuoni huo moto, Baba. Haujui kama kuna taa mle. Unachofanya ni kuonja hewa, hii iliyoingia na hii iliyotoka. Kwa tofauti hiyo tu ndivyo unavyojua kimeungua kiasi gani."

"Na sisi tutajua kwa mizani."

"Na sisi tutajua kwa mizani."

Wakakaa gizani nusu saa, baba na binti, wanatazama. Wietske alikuwa amewasha taa ile mara mia tatu na zaidi maishani mwake, akaenda zake kunywa kahawa ikiwaka. Leo, kwa kuwa baba yake alikuwa ameegemea mbele na pumzi ameibana asije akautikisa, aliiona upya. Ajabu iliyoje! Hewa inapita bila rangi wala harufu, na ndani yake mna habari zote za moto.

Taa ikazimwa, ikarudi mizanini. Zilikuwa zimeungua gramu nne na nukta moja. Mzee akapiga hesabu kwenye bahasha, midomo inacheza, akauliza gramu moja ya spiriti inakula lita ngapi za oksijeni, akazidisha.

"Lita sita kasoro kidogo. Mtambo unasemaje?"

Wietske akaigeuza skrini. Lita sita kasoro kidogo.

Mzee akavua miwani. Akaifuta, akaivaa, akasoma tena. "Bila kuuona moto," akasema. "Kwa kuonja tu. Eti ningekuwa mle badala ya taa?"

"Ungekuwa unasomwa vilevile. Kuna tofauti kidogo kwenye uwiano wa hewa, maana mtu hachomi spiriti."

"Wengine wanachoma."

"Baba!"

"Lakini moto ni moto."

"Moto ni moto, Baba."

"Miaka arobaini na moja nimekagua mita," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida, "sikujua kwamba na mimi ni jiko." Akainuka kwa kushikilia meza. "Haya, nifunike. Nimeridhika."

Wietske akamlaza, akamvua viatu, akamfunika kuba kichwani. Chini ya plastiki ile uso wa mzee ulitulia, macho yamefumbwa, mikono iko juu ya tai. Kifua chake kilipanda, kikashuka, kikapanda. Wietske akakaa mbele ya skrini huku amejiandaa kuiona mia tisa na sitini, mikono imeshikana mapajani kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Mistari ikaachana. Ikaendelea kuachana. Dakika kumi za kwanza hazihesabiwi, mwili unatulia tu. Dakika ya kumi na tano namba ikasimama kwenye elfu moja mia tatu tisini na mbili. Dakika ya ishirini, elfu moja mia tatu themanini na nane. Dakika ya thelathini, elfu moja mia tatu na tisini, imetulia.

Siku nyingine yoyote angeulaumu mtambo. Angesema mrija unavuja, angefungua mabomba, angelalamika mpaka saa sita. Leo hakuwa na pa kukimbilia. Bahasha ilikuwa pale mezani na mwandiko wa penseli wa mkaguzi wa mita za gesi, na lita sita kasoro kidogo.

Hakupiga hesabu nyingine zaidi ya ile ambayo kila mtu wa kazi yake anaijua kichwani. Elfu moja mia tatu na tisini ni wati sitini na saba. Ile balbu ya zamani ya ukumbini kwao, ambayo mama yake alikuwa akiizima kila mtu alipoisahau, ilikuwa ya wati sitini. Baba yake alikuwa anawaka kuliko balbu ile. Alikuwa amewaka hivyo tangu kuzaliwa, majira ya baridi themanini na nne, usiku na mchana, na hakuna mtu aliyewahi kukizima kitu kile hata dakika moja. Alikuwa amelala pale na tai yake, mwembamba kama fito, na moto umejaa tele ndani yake. Wietske akaziba mdomo kwa mkono.

Kisha hofu ikaja. Kama hii ndiyo kweli, mia tisa na sitini ni nini?

Akalifunua kuba. "Baba, usiamke. Tulia hivyohivyo." Akafungua droo, akatoa kiko, kimoja cha vile vitano alivyovikagua mwenyewe. Akambana pua, akampa akishike kinywani. Dakika kumi. Elfu moja mia tatu na sitini.

"Kiko kiko sawa," akasema peke yake. "Kiko kiko sawa kabisa. Sasa..." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Baba, kule kwenu wanakupima vipi? Niambie hatua kwa hatua."

"Hivi hivi. Saa moja asubuhi, kabla ya mkate. Nalala chali, yule binti ananibana pua, nakivuta kiko."

"Na mito?"

"Mmoja."

"Hujaongea? Hujacheka?"

"Nicheke nini saa moja asubuhi?"

"Na meno?"

"Meno gani?"

"Meno yako, Baba. Yako wapi wakati huo?"

Mzee akamtazama kana kwamba binti yake amerukwa na akili. "Si yako kwenye glasi? Meno ni ya mkate. Nani anavaa meno kabla ya mkate?"

Hakuna, kwa kweli. Katika nyumba ile nzima, na katika nyumba zote za aina ile, glasi za meno zimepangwa kwenye vijimeza vya vitandani, na muuguzi anapita nazo pamoja na kifungua kinywa. Kanuni ya kiko ilisema mtu apimwe kabla ya kula. Basi mtu alipimwa kabla ya kula, yaani alipimwa kibogoyo. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alifuata utaratibu wake, tena kwa uangalifu mkubwa.

"Toa," akasema Wietske.

Mzee akayatoa, akayafunga kwenye leso. Midomo ikaingia ndani mara moja. Kiko kikarudi kinywani, pua ikabanwa, dakika kumi zikahesabiwa. Wietske hakuthubutu kuangalia mpaka kilipolia.

Mia tisa na sabini.

Mzee akakinyakua, akaisoma, akakunja uso. Halafu katika macho yale pakawaka kitu ambacho Wietske hakuwa amekiona tangu mwaka jana. "Fabuni," akasema bila meno. "Lete fabuni!"

"Nini?"

"Fabuni na maji! Povu, we mtoto, povu!"

Akaelewa. Fundi wa gesi anayetafuta panapovuja hatumii mtambo, anapaka povu la sabuni kwenye kiungio na kutazama. Wietske akakimbia kwenye sinki, akarudi na povu kwenye bakuli. Mzee akalipaka mwenyewe kwa kidole kwenye pembe zote mbili za mdomo, akabana kiko kwa ufizi, akapumua, huku Wietske amemshikia kioo cha mkoba wake.

Upande wa kulia hakuna kitu. Upande wa kushoto likatoka puto, likavimba, likapasuka. Likatoka jingine. Kila alipotoa pumzi, puto. Pumzi yake ilikuwa inapita shavuni kwenda zake, haijapimwa na mtu yeyote, na kiko, maskini, kilikuwa kinahesabu kile kidogo kilichobaki na kusema kweli tupu juu ya hicho.

"Inavuja!" Mzee alikuwa amefurahi kupita kiasi. Akarudisha meno ili aseme vizuri. "Inavuja kwenye kiungio! Mita ni nzima, kiungio ndicho kibovu, na nilivyozidi kukonda ndivyo kilivyozidi kuachia. Nimeyaona haya mara elfu. Wewe ulikikagua na watu gani?"

"Wanafunzi," akasema Wietske. "Arobaini. Wa hapa chuoni."

"Wana meno?"

"Wote wana meno, Baba. Wana meno, wana midomo, wana mashavu. Wastani ukatoka safi. Nikatia sahihi."

Mzee akajifuta povu mdomoni. Walikuwa wote wawili wanakumbuka jambo moja, ambalo yeye alimfundisha binti huyu tangu akiwa na miaka tisa, amekaa juu ya kreti karakanani na soksi zimemshuka. Mita yoyote itasema kweli gesi ikija kwa nguvu, hiyo haikupi sifa. Ipunguze mpaka ibaki ile ya moto mdogo wa kuwashia jiko, halafu uitazame. Uongo wa mita unakaa kwenye moto mdogo. Na yeye, mtoto wa Oene Terpstra, aliyelala na kuamka na maneno hayo, alikuwa amekipima kiko kwenye moto mkubwa tu, akala keki. Mganga hajigangi, wanasema, lakini huyu hakuwa ameganga hata wengine.

Akapiga simu palepale, bado amesimama na bakuli la povu.

"Marloes, kwa kiko mnawapima wangapi pale?"

"Thelathini na mmoja. Kwani vipi?"

"Wangapi wana meno ya bandia?"

"Dada, hawa ni wazee. Karibu wote."

"Yanakuwa wapi mkiwapima?"

Marloes hakuwa mjinga hata kidogo. Wietske alisikia kiti kinasukumwa nyuma, kisha sauti ndogo sana ikisema, "Mungu wangu. Kwenye glasi."

"Sikiliza. Kosa si lako. Kosa ni langu, sikukuandikia. Leo wape wote chakula cha zamani, kile cha kabla ya kiko. Kesho asubuhi nakuja mwenyewe, tunawavisha meno, tunawapima upya mmoja mmoja. Na kile cheti cha koridoni kishushe."

"Na kikao cha Alhamisi?"

"Kikao kipo. Ila daktari mwambie mzee hazimiki. Anawaka elfu moja mia tatu na tisini, nimemwona kwa macho yangu. Tumekuwa tukimpa mafuta ya kibatari."

Alipokata simu alibaki ameinamia meza. Kesho ataandika barua kwa Profesa Haverkamp, na kwa kila nyumba iliyonunua kiko kwa sahihi yake, na hakutakuwa na keki. Hiyo ni ya kesho. Kulikuwa na swali la leo, na alikuwa analiogopa, kwa sababu alikuwa ameanza kulielewa lile kopo la biskuti na yale macho yaliyolifuata mpaka mwisho wa meza.

"Baba. Ulikuwa na njaa?"

Mzee alikuwa anafunga kamba za viatu. Akafunga ya kulia, akahamia ya kushoto.

"Baba, nakuuliza."

"Tangu Oktoba," akasema.

"Njaa ya namna gani?"

"Njaa ni njaa. Naamka nayo, nalala nayo. Siku nyingine naota mkate wa sukari." Akavuta kamba ikakaza. "Nilidhani ndivyo uzee unavyokwisha, mtu anaondoka na njaa yake."

"Sasa kwa nini hukusema? Miezi minne! Ungemwambia Marloes, ungeniambia mimi, ungeomba hata biskuti! Sisi wote tulidhani chakula kinakutosha!"

"Ningesema nini, binti yangu?" Akainua uso, na hakukuwa na lawama ndani yake hata chembe, jambo lililokuwa gumu kulibeba kuliko lawama. "Maisha yangu yote watu wamenijia wakilia kwamba mita inawaonea. Wao wanajua, wanahisi, wana uhakika. Nikawaambia wote, haijalishi unahisi nini, mita ina muhuri. Halafu mimi nije nigombane na mita kwa sababu tumbo langu linanguruma? Kila asubuhi nilipita koridoni, nikasoma kile cheti." Akaiweka tai sawa. "Kilikuwa na jina lako."

Wietske akapiga magoti sakafuni, akaweka kichwa kwenye magoti ya suti ile iliyopwaya, akalia kwa sauti, wala safari hii hakuwa na kazi yoyote ya kumalizia. Mzee akampapasa nywele polepole, kwa mkono usiozoea. Mkono ule ulikuwa na joto. Alilisikia likipenya mpaka kwenye ngozi ya kichwa, joto la wati sitini na saba, na akaacha kulia ili alisikie vizuri.

"Saa ngapi sasa?" mzee akauliza.

"Saa nne na nusu."

"Kahawa imetupita."

Wietske akainuka, akajifuta, akaenda jikoni kwa wafanyakazi. Akarudi na kahawa mbili, na kipande kikubwa cha mkate wa sukari alichokuwa amejiwekea cha mchana, amekipaka siagi nene, na kopo la biskuti la ofisi nzima amelibana kwapani. Mzee akayakandamiza meno yake yakae sawa, akaanza na mkate. Alikula polepole, kwa heshima, kama mtu aliye kanisani, mpaka chembe za sukari mezani akaziokota kwa kidole kilicholowa mate.

Kisha akachukua biskuti moja, akalirudisha kopo katikati ya meza, akasubiri lifungwe.

Wietske alikuwa amekiacha kifuniko jikoni.